TB sugu na hofu ya kupoteza masikio

Ukitaja TB sugu, yaani kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida, mbele ya wazee pale Kisenyi, Kampala, utaambiwa: "Dawa zile zitakufanya kiziwi." Hawakulizua. Zamani mgonjwa alichomwa sindano ya kanamaisini kwa miezi mingi, na dawa hiyo huua seli zenye vinyweleo ndani ya sikio, ambazo hazioti tena. Huanza na mlio kama wa nyenje, kisha sauti nyembamba hupotea. Wapo waliopona kifua wakabaki viziwi.

Ila hiyo ni habari ya jana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe, na tangu 2022 linapendekeza tiba ya vidonge vitupu, miezi 6, kwa wagonjwa wengi wa miaka 14 na zaidi.

Vidonge navyo vina yake. Linezolidi, mojawapo ya vidonge hivyo, ndiyo ya kuchungwa: huweza kupunguza damu na kuleta ganzi inayoanzia vidoleni mwa miguu, hata kandambili ichomoke mtu asijue. Macho pia, hasa rangi zikianza kufifia. Sema siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Daktari anaweza kupunguza dozi au kuisimamisha, lakini ganzi iliyokomaa hukawia kuondoka, na pengine haiondoki.

Bedakwilini, kidonge kingine, yaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana unalazwa chali na kubandikwa nyaya kifuani. Wengine hushtuka wakidhani ni shoti ya umeme. Hakiumi, ni kipimo tu.