Je, wajua kwa nini bondia anaweza kumwangusha mwenzake na bado akashindwa kwa pointi?

Kinyozi wangu wa Bondeni, hapa Nakuru, ana tabia moja mbaya: mjadala ukichacha, mashine huzimwa. Jumamosi iliyopita aliniacha nimenyolewa upande wa kushoto tu, kitambaa kimenibana shingo, kwa sababu runinga iliyo juu ya kioo ilikuwa ikirudia pambano la ndondi la Tyson Fury, yule bingwa Mwingereza wa uzani mzito, na Francis Ngannou. Ilikuwa raundi ya tatu. Mkono wa kushoto wa Ngannou ukazunguka, ukampata Fury kichwani, na lile jitu la futi sita na inchi tisa likaenda chini kama gunia la viazi vya Molo linaloshushwa kwenye lori. Kinyozi ameiona picha hiyo labda mara hamsini. Bado alipiga ukelele.

"Haya, wewe ndugu yangu uliyesoma, nieleze," akasema akininyooshea chanuo. "Mtu analala chini, anahesabiwa, kisha ndiye anayeinuliwa mkono. Huo kama si wizi ni nini?"

Ana kidonda chake. Usiku wa pambano lenyewe, tarehe 28 Oktoba 2023, alikesha akilitazama. Saa ya Riyadh ndiyo saa ya Nakuru, kwa hiyo hakuwa na hata kisingizio cha usingizi. Alikuwa ameweka mkeka wa shilingi mia mbili kwa Ngannou, yule Mkameruni aliyetoka UFC, mashindano ya mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka, aliyekuwa anapanda ulingo wa ndondi za kulipwa kwa mara ya kwanza maishani. Jaji mmoja akaandika 96-93 kwa Fury, wa pili 95-94 kwa Fury, wa tatu 95-94 kwa Ngannou. Mkeka ukachanika.

Wizi katika ndondi upo, na nitaufikia. Lakini kabla ya kumwita mtu mwizi ni vizuri kujua anachoandika kwenye karatasi yake. Jaji haandiki pambano. Anaandika raundi.

Raundi ikiisha, kila mmoja wa majaji watatu anaweka namba mbili: 10 kwa aliyeshinda raundi hiyo, 9 kwa aliyeshindwa. Aliyeangushwa akahesabiwa kwa kawaida hupata 8. Refa anapita kuvikusanya vikaratasi na kuvikabidhi mezani kwa msimamizi, na jaji hana nafasi ya kusema, "Hebu nirudishie ile ya nne, nimewaza upya." Kengele ikilia tena, hao wawili ulingoni ni kama ndio wanakutana kwanza.

Hapo ndipo tunapoachana njia na jaji. Sisi tunafuata hadithi, na hadithi ya usiku ule ilikuwa na kilele kimoja: Fury chini. Kilele hicho tulikibeba hadi raundi ya kumi, na wengine wetu tunakibeba mpaka leo. Jaji alikiacha palepale kwenye dakika zake tatu. Konde ambalo kinyozi atawasimulia wajukuu lilikuwa na thamani ya pointi moja zaidi ya raundi ya kawaida. Moja tu.

Shabiki wa Gor Mahia au wa Ingwe hahitaji kuelezwa sana. Timu yako ikimtandika mtu mabao matano Jumapili hii, halafu ifungwe moja bila katika mechi mbili zinazofuata, ina pointi tatu kati ya tisa. Yale mabao matano huwezi kuyakopesha mechi nyingine.

Niliomba daftari lake la madeni, nikageuza ukurasa wa nyuma, tukapiga hesabu. Pambano lilikuwa la raundi kumi. Itoe ile ya tatu: Ngannou 10, Fury 8. Zimebaki tisa. Kama hakuna raundi iliyoandikwa sare, jaji aliyetoa 95-94 kwa Fury lazima alimpa Fury raundi sita kati ya hizo tisa, Ngannou tatu. Na yule aliyetoa 95-94 kwa Ngannou? Fury tano, Ngannou nne. Kinyozi alizijumlisha mara mbili kwa kidole, kisha mara ya tatu kwa simu. Kati ya "mshindi ni Fury" na "mshindi ni Ngannou" kulikuwa na raundi moja.

Tena tazama karatasi ya huyo wa tatu vizuri. Ukiirudisha raundi ya tatu, kila bondia ana raundi tano. Bila lile konde la kuangusha, karatasi yake ingekuwa sare. Kwa hiyo konde halikudharauliwa. Kwake ndilo lililoamua. Kwa wenzake wawili halikutosha kufidia raundi ambazo Fury aliokota taratibu kwa ngumi ndogondogo, zile ambazo sisi kwenye benchi tulikuwa tukiziita kupangusa vumbi.

Fury huyohuyo alikuja kuonja shubiri hiyo. Mei 18, 2024, palepale Riyadh, refa alimhesabia mbele ya Oleksandr Usyk katika raundi ya tisa. Zilizosomwa ni 115-112 na 114-113 kwa Usyk, na 114-113 kwa Fury. Wale wawili wa 114-113 wametofautiana kwa raundi moja, kama wale wa Ngannou, ila safari hii raundi ilielekea kwa yule aliyeangusha. Na Septemba 2025, Terence Crawford alipomvua Canelo Álvarez mikanda kule Las Vegas, majaji wote watatu walimpa yeye: 116-112, 115-113, 115-113. Ukisikia "wote watatu" unadhani alimaliza kazi mapema. Lakini 115-113 ni raundi saba kwa tano. Raundi moja ingehama kwenye hizo karatasi mbili, zingesomwa 114-114, na usiku ungeisha kwa sare.

Sasa, raundi yenyewe mtu anaishindaje? Vigezo vinavyotajwa ni vinne: ngumi safi zinazofika, mashambulizi yenye madhara, kuutawala ulingo, na kujilinda. Kwa maoni yangu cha kwanza ndicho baba wa vingine. Kwenda mbele tu hakuhesabiki. Ng'ombe naye huenda mbele. Ngumi iliyotua kwenye glovu au kwenye mkono hailipwi kitu, hata kama imetoa mlio uliowainua watu vitini. Na kutoka kwenye benchi la kinyozi, runinga ikiwa ya inchi thelathini na mbili na mtangazaji akipiga mayowe, nani anajua iliyotua shavuni na iliyotua kwenye glovu?

Jaji naye ana upofu wake. Watatu hao wameketi pande tatu tofauti, pembeni kabisa mwa ulingo. Kamba ziko mbele yao, mgongo wa refa unapita, mgongo wa bondia unaziba. Ngumi ya tumboni anayoiona wa upande huu, mwenzake wa ng'ambo anaona tu kiwiko kikirudi nyuma. Hawana marudio ya picha. Hawana zile takwimu za ngumi tunazowekewa chini ya skrini. Wana macho na dakika tatu, basi.

"Wewe unawatetea sana," akasema mzee mmoja mstaafu wa reli aliyekuwa anangoja zamu karibu na mlango. "Waruinge alifanywa nini?"

Hapo hata mimi nilinyamaza kidogo. Nakuru huwezi kuzungumza ndondi ukamruka Philip Waruinge. Alitoka katika klabu ya ndondi za ridhaa ya mji huu, akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966 na tena 1970. Olimpiki ya Mexico City, 1968, alifika nusu fainali ya uzani wa unyoya akakutana na Antonio Roldán, mwana wa nchi mwenyeji. Zama hizo majaji walikuwa watano, na kila mmoja alitoa kura yake. Kura tatu kwa Roldán, mbili kwa Waruinge. Roldán akaenda kuchukua dhahabu baada ya Mmarekani aliyekutana naye fainali kuondolewa kwa kosa la kupiga kichwa. Waruinge akarudi na shaba, na pamoja nayo kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima. Yaani waandalizi walewale walikubali kwamba aliyeshika shaba ndiye aliyecheza vizuri zaidi. Miaka minne baadaye, Munich, alifika fainali na kushindwa na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Tatu kwa mbili tena. Alienda kupigana ngumi za kulipwa Japani, akajulikana kule kama Waruinge Nakayama.

Mzee alilisema jina hilo la Kijapani polepole, kama mtu anayetaja jina la shamba lililouzwa.

Kelele za uwanjani zina kazi yake, na hili limepimwa. Watafiti wa Uingereza walichambua mapambano ya ubingwa wa Ulaya na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Kwa mabondia waliolingana uwezo, aliye nyumbani alikuwa na nafasi ya asilimia 57 ya kushinda pambano linapoisha kwa nokauti. Refa akilisimamisha, nafasi hiyo hupanda hadi 66. Likienda kwa pointi, 74. Jinsi uamuzi unavyozidi kutegemea jicho la mtu, ndivyo mwenyeji anavyozidi kunufaika. Si lazima jaji awe amekula kitu. Watu elfu ishirini wakipiga ukelele kila mara bondia wao anaporusha mkono, hata ngumi iliyokosa huonekana kama imefika.

Lakini kuna siku uamuzi unanuka waziwazi. Seoul, 1988, Mmarekani Roy Jones alimpiga Mkorea Park Si-hun kwa raundi zote tatu. Waliohesabu walipata ngumi 86 kwa 32. Majaji wakampa Park, tatu kwa mbili. Jones naye akapewa kombe la Val Barker, kama Waruinge miaka 20 kabla yake. Katika Olimpiki hiyohiyo Robert Wangila wetu alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, na mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika ndondi za Olimpiki. Wangila hakumwachia mtu karatasi.

Aibu ya Seoul ilileta vitufe vya kompyuta, na katika Olimpiki vilianza Barcelona 1992: ngumi ikifika, majaji watatu kati ya watano wabonyeze karibu kwa wakati mmoja ndipo ihesabiwe. Matokeo yake mabondia wakajifunza kugusagusa kama wanaobisha hodi, na ngumi za mwilini zikakosa wateja. Mwaka 2013 ndondi za ridhaa zikarudi kwenye 10 kwa 9. Rio 2016 majaji kadhaa walirudishwa nyumbani katikati ya mashindano. Mimi sijaona mashine inayotibu hili.

"Ndiyo maana mimi hutazama UFC," akasema kijana wa bodaboda, kofia ya pikipiki mapajani. "Huko hakuna siasa."

Kijana, huko wanatumia karatasi ileile. Ni 10 kwa 9 vilevile, ila raundi ni za dakika tano, na pambano la kawaida ni raundi tatu tu. Raundi moja ni theluthi ya pambano zima. Unaweza kupoteza mbili za kwanza kwa wembamba wa uzi, ya tatu ukamshinda mwenzako waziwazi, na bado ukasomewa 29-28. Pambano la Dricus du Plessis na Sean Strickland, Januari 2024, liliishia 48-47, 47-48, 48-47, na du Plessis, yule Mwafrika Kusini, akaondoka na mkanda. Mwaka uliofuata Khamzat Chimaev alimkalia du Plessis huyohuyo kwa mieleka raundi zote tano, na majaji watatu wakaandika 50-44 bila kupishana. Pale hapakuwa na raundi ya kubishania.

Kinyozi hakuridhika, kwa hiyo tukafanya jaribio. Sauti ya runinga ikazimwa, pambano likarudishwa mwanzo. Yeye, mzee na kijana wa bodaboda wakapewa kila mmoja karatasi iliyochanwa kwenye daftari la madeni. Sharti lilikuwa moja: hakuna kusemezana, na ukishaandika raundi, karatasi inakunjwa. Dakika arobaini. Wateja wawili walichungulia mlangoni wakaenda zao. Mimi nilikaa na nusu kichwa changu.

Mzee alitoa 97-92 kwa Fury. Kijana wa bodaboda, 95-94 kwa Ngannou. Kinyozi alijumlisha yake, akaifuta, akajumlisha tena, kisha akaifunika kwa mkono. Mzee akamwondoa vidole kimoja kimoja. Fury, 95-94.

"Ni kwa sababu mlizima sauti," akasema kinyozi, akaiokota rimoti kuitafuta raundi ya sita.