Tunakiri ufufuo wa mwili, kisha tunausahau

Imani ya Mitume inakaribia kuisha kwa maneno mawili mazito: ufufuo wa mwili, na uzima wa milele. Tunayakiri ibadani kwa sauti moja. Ila msiba ukitokea, tunabaki na nusu tu: roho imekwenda kupumzika mbinguni, basi. Nafundisha Agano Jipya, na hakuna jambo linaloniuma kuliko kuona tumaini hili linakatwa namna hiyo.

Tazama alichofanya mtume Paulo. Katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo, baadhi ya waumini wa Korintho, mji wa Ugiriki, walikuwa wakisema wafu hawafufuki. Kwa Wagiriki wengi waliosoma, mwili ulikuwa mzigo ambao roho hufurahi kuutua, na kule Athene watu walimdhihaki Paulo mara tu alipotaja ufufuo. Angeweza kuwaridhisha Wakorintho kwa kusema roho haifi, na ubishi ungeishia hapo. Hakusema hivyo. Katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza anawaambia kwamba kama wafu hawafufuliwi, basi Kristo naye hakufufuka, na imani yao ni bure.

Tumaini hilo alilirithi. Danieli 12 inasema wengi waliolala mavumbini wataamka. Katika Wamakabayo wa Pili, kitabu cha Kiyahudi kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, sura ya 7, kijana anayeteswa kwa ajili ya Sheria ya Musa anainyosha mikono yake ikatwe, akisema aliipata kutoka mbinguni na anatumaini kuipata tena huko. Mikono ile ile! Kati ya makundi ya Wayahudi, Mafarisayo waliamini hivyo, Masadukayo walikataa. Jipya walilolitangaza mitume ni kwamba mmoja ameshatangulia kufufuka, kabla ya siku ya mwisho.

Mwili huo utakuwaje? Paulo anatumia mfano wa mbegu: kinachopandwa na kinachoota ni kitu kimoja, lakini havifanani. Injili zinamwonyesha Yesu mfufuka akiwa na makovu yake, akila samaki mbele ya wanafunzi, na papo hapo akisimama kati yao ilhali milango imefungwa. Lazaro, rafiki ambaye Yesu alimfufua, alirudishiwa maisha yale yale ya awali. Yesu hafi tena.

Swali linalonijia kila mara ni la waliochomwa moto au kupotelea baharini. Si geni. Huko Lyon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 177, watesi walichoma miili ya wafia dini na kuyatupa majivu katika mto Rhône, makusudi kabisa, ili Wakristo wasiwe na la kutumainia. Kanisa halikutetereka, kwa sababu aliyeumba pasipo kitu hahitaji mabaki yaliyo kamili. Kanisa Katoliki liliruhusu uchomaji wa maiti mwaka 1963, mradi usifanywe kwa kuukana ufufuo, na mwaka 2016 likasisitiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe.

Kuhusu muda kati ya kifo na ufufuo, Wakristo hatukubaliani. Mwaka 1336 Papa Benedikto wa 12 alitamka kwamba roho za wenye haki waliokwisha kutakaswa humwona Mungu hata kabla ya ufufuo. Waadventista Wasabato hufundisha kwamba wafu wamelala, hawajui lolote, hadi Kristo arudi. Mimi naegemea maneno ya Yesu kwa mhalifu pale msalabani, kwamba leo hii atakuwa naye peponi, na yale ya Paulo kwa Wafilipi, aliyetamani kwenda kukaa na Kristo. Lakini hata kukaa huko ni kungojea, na pande zote mbili zinangojea siku moja.

Ndiyo maana, nikiombwa somo la mazishi, napendekeza Wathesalonike wa Kwanza 4:13-18. Paulo anaandikia watu waliofiwa na wana huzuni, wala hawaambii kwamba marehemu wao wameshafika. Anawaambia kwamba watafufuka kwanza, kisha wote pamoja watakuwa na Bwana siku zote, na kwa maneno hayo anawataka wafarijiane.