Joto la Malindi si sababu ya kung'oa themostati

Mwenye gari la zamani linalochemka, kama Probox au Vitz, huambiwa gereji: "Themostati ni ya nchi za baridi, hapa Malindi itoe tu." Ushauri huu unaharibu injini nyingi.

Themostati ni vali ya maji yanayopoza injini, na haiangalii joto la nje. Huzuia maji yasiende kwenye rejeta (sehemu ya mbele inayoyapoza) mpaka injini ifike karibu nyuzi 82, kisha hufunguka. Ukiitoa, injini hukawia kupata moto, kompyuta ya gari huongeza petroli ikidhani bado ni baridi, na unyevu hubaki kwenye oili mpaka iwe tope. Katika baadhi ya injini, maji huzunguka kwa njia ya pembeni bila kupita rejeta, na gari likazidi kuchemka.

Mara nyingi mchawi wa kuchemka ni maji ya kisima. Chumvi yake hula alumini ya hedi (kichwa cha injini) na pampu ya maji, na huacha magamba kwenye mirija ya rejeta. Weka kulanti (dawa ya kupoza injini) nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri (si asidi, tafadhali). Kagua pia feni na mpira wa kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa.

Kupima themostati ni rahisi: ichemshe kwenye sufuria. Maji yakitokota nayo bado imefunga, nunua mpya na mpira wake. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kubadilisha gasketi ya hedi na kuchonga hedi injini ikiungua. Ukiirudisha kwenye injini, kitundu cha hewa kielekee juu.