Kiwanda cha alizeti huanzia shambani

Hapa Dodoma nasikia sana kwamba nchi huendelea pale watu wake wanapoachana na jembe, kwa hiyo fedha iende viwandani kwanza, mkulima asubiri. Hiyo ni dhana potofu, na inatugharimu.

Chukua alizeti ya Kongwa au ya Singida. Kabla mbegu haijafika kwenye mashine ya kukamua, imeshamlisha mwenye plau, muuza magunia, wapakiaji na mwenye lori. Ikikamuliwa, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki mashudu, nayo huwa chakula cha kuku na ng'ombe wa maziwa, ambao samadi yao inaweza kurudi shambani. Fundi wa kuchomelea naye anapata riziki kwa kukarabati mashine. Mkulima akivuna vizuri, hununua bati na sare za watoto, na muuza duka anafurahi. Mvua zikikatika Februari, wote hao huyumba pamoja: mashine hukaa kimya kwa kukosa mbegu, na mwenye mashine bado ana mkopo wa kulipa. Mchumi Albert Hirschman aliyaeleza mafungamano haya mwaka 1958. Sekta huvuta nyuma yake wale wanaoiuzia mahitaji, na husukuma mbele wale wanaotumia mazao yake.

Wengine husema mchango wa kilimo katika pato la taifa unapungua, basi kilimo kinakufa. Hapana. Fungu lake hupungua pale sekta nyingine zinapokua haraka zaidi, hata kama magunia yanaongezeka kila mwaka. Kinachoniuma mimi ni kingine: kilimo kinatoa takriban robo tu ya pato la Tanzania, ilhali kimebeba zaidi ya nusu ya wenye kazi. Ina maana jasho la siku nzima shambani linalipa kidogo mno.

Si kweli pia kwamba kijana akitoka kijijini huingia moja kwa moja kiwandani. Wengi wanaofika mjini hapa huendesha bodaboda, hupika chakula cha kuuza au huwa saidia fundi kwenye majengo yaliyochipuka tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma. Ni kazi za heshima, ila kipato cha nyingi hakitabiriki.

Na matrekta peke yake hayatoshi. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa kwa mitambo mikubwa. Udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Kwa Kongwa hiyohiyo, leo ningeanza na mbegu bora, visima na maghala, ili mashine za kukamua zisilale nusu ya mwaka.