Karamu ya Upendo ni Nini?

Karamu ya upendo, au agape kwa jina lake la Kigiriki, ni mlo ambao waumini huula kwa pamoja huku wakisali, wakiimba na kuzungumza, bila mlo huo kuhesabiwa kuwa sakramenti. Hapo ndipo unapotofautiana na Ushirika Mtakatifu, ambao Wakatoliki huuita Ekaristi na wengine Meza ya Bwana.

Katika kanisa la kwanza mambo haya mawili yalikaribiana mno. Paulo, katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawakemea watu waliokuja kula Chakula cha Bwana lakini kila mmoja akatangulia kula chake, hata huyu akabaki na njaa na yule akalewa. Inaelekea wenye nafasi walifika mapema na vyakula vyao, ilhali watumwa na vibarua walifika kazi ikiisha na kukuta vyombo vitupu. Paulo anawaagiza wangojane. Kosa hilo halijaisha: zipo sherehe za usharika ambazo meza kuu hupelekewa kuku na soda wakati waumini wengine wamepanga foleni ya wali, na sioni kwa nini mlo wa namna hiyo uitwe karamu ya upendo, hata kama umeombewa vizuri.

Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, akiwatetea Wakristo mnamo mwaka 197 dhidi ya uvumi kwamba mikutano yao ilikuwa ya uchafu, anaeleza mlo wenyewe ulivyokwenda: sala kwanza, kisha watu wanakula kiasi cha kuondoa njaa na kunywa kwa kiasi, wakikumbuka kwamba usiku watahitaji kumwomba Mungu, baadaye wananawa mikono, taa zinawashwa, na kila awezaye anasimama kuimba, ama kutoka katika Maandiko ama wimbo alioutunga mwenyewe. Anasisitiza kuwa maskini hunufaika na chakula hicho. Hata hivyo, katika karne ya 4 Mtaguso wa Laodikia, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, ulikataza karamu hizi zisifanyike ndani ya majengo ya kanisa, na taratibu zikafifia katika sehemu nyingi.

Waliozifufua kwa nguvu ni Wamoraviani, dhehebu la Kiprotestanti, wa Herrnhut, Ujerumani. Tarehe 13 Agosti 1727, baada ya Ushirika uliowapatanisha watu waliokuwa wamegombana kwa muda mrefu, waumini hawakutaka kutawanyika, na bwana wa eneo hilo, Zinzendorf, akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake ili wasilazimike kukatiza mazungumzo. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliikuta desturi hiyo kwao huko Savannah, Georgia, mwaka 1737, akaiingiza kwa wafuasi wake, ambao walikula mkate na kunywa maji tu, muda mwingi ukitumika kwa ushuhuda.

Wamoraviani walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoraviani wengi kuliko nyingine yoyote. Lakini sura ya karamu hii inayojulikana zaidi ni ya ndugu zao wa Winston-Salem, Marekani, ambao hukaa kwenye mabenchi ya kanisani wakapitishiwa vikapu vya mikate midogo ya mviringo na sinia za vikombe vya kahawa yenye maziwa na sukari. Aliyepewa haanzi kula, anasubiri hadi wote wapate, ndipo sala ya chakula inasemwa kwa pamoja na watu wanaanza kula, kwaya ikiimba. Mkate huo hautamkiwi maneno ya Kristo ya usiku aliosalitiwa, hivyo mtoto, mgeni wa dhehebu jingine na hata asiyebatizwa hupewa kikombe chake kama wengine.