Dhana potofu kuhusu kura za wajumbe wa Dodoma

Julai 2015, wajumbe watatu wa Kamati Kuu ya Chama cha Mapinduzi (CCM), Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka kikaoni mjini Dodoma, wakasimama mbele ya waandishi wa habari na kutamka kwamba wanajitenga na uamuzi uliokuwa umepitishwa. Hawakulalamika kwamba kura zimehesabiwa vibaya. Walilalamika kwamba majina ya waombaji wote wa urais hayakuletwa mbele ya Kamati Kuu ili yajadiliwe, bali yaliletwa matano tu yaliyokwisha kuchujwa. Nimelianza jambo hili hapo kwa sababu kila msimu wa uteuzi watu hubishana kuhusu masanduku na idadi ya kura, ilhali ugomvi mkubwa wa wajumbe wa chama hiki, kwa zaidi ya miaka 30 ya vyama vingi, umehusu zaidi yale yanayotangulia sanduku: nani anapata kuwa kwenye karatasi ya kura, na nani ameamua hivyo.

Dhana: Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyeomba kuwa mgombea urais, alishindwa kwa kura za wajumbe wa Mkutano Mkuu mwaka 2015.

Wajumbe wa Mkutano Mkuu hawakupata nafasi ya kumpigia kura wala kumnyima. Katiba ya CCM iliweka ngazi tatu: Kamati Kuu hupendekeza majina yasiyozidi matano, Halmashauri Kuu ya Taifa huyapunguza yasizidi matatu, na Mkutano Mkuu ndio unaochagua jina moja. Mwaka ule wanachama 42 walichukua fomu na 38 wakazirudisha. Kamati Kuu ilibakiza watano, nao ni Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikawaondoa Membe na Makamba. Kwa hiyo, wajumbe waliokusanyika ukumbini kutoka mikoa yote walikuta majina matatu, na matokeo yakawa Magufuli kura 2,104, Amina 253 na Migiro 59, yaani mshindi alipata zaidi ya asilimia 87.

Hesabu hiyo haikuwa na utata, na sijasikia hoja yoyote ya maana ya kuipinga. Lakini mtu anayeitumia kuthibitisha kwamba wajumbe walimkataa Lowassa anaipa kura kazi ambayo haikuifanya. Tena dalili zilizoonekana zilielekea upande mwingine: Mwenyekiti Jakaya Kikwete alipoingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu, sehemu ya wajumbe waliimba kwamba wana imani na Lowassa, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kukatwa. Wimbo hauna nguvu ya kura, na hatuwezi kusema kwa hakika kwamba angeshinda. Tunachoweza kusema ni kwamba swali hilo halikuulizwa katika kikao chenye wapiga kura wengi zaidi.

Dhana: Mwombaji mwenye wadhamini wengi ana haki ya kufikishwa mbele ya Mkutano Mkuu.

Masharti ya mwaka 2015 yalimtaka kila mwombaji apate wadhamini 450 kutoka mikoa 15, ikiwemo mikoa mitatu ya Zanzibar. Baadhi ya waombaji walizunguka nchi nzima na kukusanya saini nyingi kupita kiasi hicho, na picha za misururu ya wanachama zikaenea kama matokeo ya awali ya uchaguzi. Saini hizo ni sharti la kupokelewa kwa fomu, basi. Aliyepata 450 na aliyepata maelfu walisimama sawa mbele ya kamati ya chama inayoshughulikia usalama na maadili. Ninaamini dhana hii imewaumiza wanachama wa kawaida kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa mtu aliyepanga foleni juani ili atie saini alirudi nyumbani akiamini kwamba amepiga kura.

Dhana: Mwaka 1995 Kikwete alishinda, kisha akanyang'anywa ushindi.

Hii ndiyo simulizi inayohitaji kuelezwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu ndani yake mna punje ya kweli. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulipokaribia, Mkutano Mkuu uliletewa majina ya Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Katika duru ya kwanza Kikwete aliongoza. Hakuna siri katika hilo, wala hakuna aliyelikanusha. Lakini utaratibu ulimtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura halali, na Kikwete hakufika hapo. Msuya, aliyekuwa wa tatu, akaondoka kwenye kinyang'anyiro, na wajumbe wakarudi kwenye masanduku kuchagua kati ya wawili waliobaki. Mkapa alipata kura 686 na Kikwete 639.

Tofauti ya kura 47 ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kama wajumbe 24 tu waliompa Mkapa kura zao katika duru ya pili wangempa Kikwete, historia ya nchi ingeandikwa vingine. Udogo huo ndio unaozaa minong'ono, na ushawishi wa Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa tena mwenyekiti wa chama lakini neno lake lilikuwa zito mno na alimtaka Mkapa, umeipa minong'ono hiyo mafuta. Hata hivyo, kushawishi wajumbe kabla hawajapiga kura si sawa na kubadili kura zilizokwisha pigwa. Msomaji anaweza kulaumu ushawishi ule akiwa na hoja nzuri. Hawezi kusema kwamba aliyeongoza duru ya kwanza alikuwa ameshinda, kwa kuwa kwa kanuni zilizokuwepo hakuwa ameshinda. Kama chama kingetumia utaratibu wa aliyepata kura nyingi zaidi ya wenzake ndiye mshindi, Kikwete angekuwa mgombea akiwa na umri wa miaka 44, na wajumbe waliomchagua Msuya wasingekuwa na sauti yoyote katika uamuzi wa mwisho. Kila utaratibu una matokeo yake, na ndiyo maana hupaswa kukubaliwa kabla ya kura na si baada yake.

Miaka kumi baadaye utaratibu uleule ulimfikisha Kikwete alikotaka. Mei 2005 alipata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476 na Mark Mwandosya 122. Nusu ya kura hizo ilivukwa kwa mbali, duru ya pili haikuhitajika.

Dhana: Mgombea akiwa mmoja, hakuna haja ya kura.

Julai 2020 Rais Magufuli alikuwa peke yake, na bado wajumbe walipewa karatasi za siri za ndiyo na hapana. Zilipatikana kura 1,822 za ndiyo, zote. Kura ya namna hiyo si mapambo. Humpa mjumbe aliye na shaka mahali pa kuisemea bila kusimama mbele ya wenzake, na hata asipoitumia nafasi hiyo, ni muhimu iwepo.

Mjadala wa Januari 2025 ulikuwa wa namna nyingine. Mkutano Mkuu maalumu uliitishwa Dodoma, na jambo lililojulikana zaidi katika shughuli zake lilikuwa kumpata makamu mwenyekiti wa chama upande wa Bara, nafasi aliyoichukua Stephen Wasira. Kisha likaibuka pendekezo la wajumbe kwamba chama kiwapitishe hapohapo Rais Samia Suluhu Hassan na Dk. Hussein Mwinyi kuwa wagombea wa urais wa Muungano na wa Zanzibar, miezi kadhaa kabla ya muda ambao fomu zimezoeleka kutolewa. Likapitishwa. Waliopinga walisema kwamba mchakato wa fomu, wadhamini na mchujo haukufuatwa, na kwamba mwanachama aliyetaka kuomba hakupewa mlango wa kuingilia. Waliotetea walisema kwamba Mkutano Mkuu ndicho kikao cha juu kabisa na kwamba kinaweza kuamua.

Hapa nasema ninavyoona mimi. Ni kweli kwamba Mkutano Mkuu ni kikao cha juu, na ni kweli kwamba unaweza kubadili kanuni. Lakini kikao cha juu kinachotaka kuacha ngazi zilizoandikwa hutakiwa kwanza kizibadili ngazi hizo, kwa ajenda iliyotangazwa na kwa akidi inayotakiwa, kisha kifuate kanuni mpya. Mjumbe aliyesafiri kutoka Kigoma au Pemba akijua anakuja kumchagua makamu mwenyekiti hakupewa muda wa kuwauliza waliomtuma kuhusu jambo kubwa kuliko hilo. Hata kama angeunga mkono matokeo yaleyale, na wengi pengine wangeunga mkono, alistahili kupewa muda huo.

Dhana: Mgombea urais wa Zanzibar huamuliwa na wajumbe wa Zanzibar.

Kwa utaratibu uliozoeleka, Kamati Maalumu ya Halmashauri Kuu upande wa Zanzibar hupendekeza, na Halmashauri Kuu ya Taifa, yenye wajumbe wa pande zote mbili, ndiyo huchagua. Mwaka 2000 tofauti hiyo ilionekana wazi: Mohamed Gharib Bilal alikuwa na nguvu zaidi visiwani, lakini Dodoma ilimpitisha Amani Abeid Karume. Mwaka 2020 Hussein Mwinyi alipata kura 129, Khalid Salum Mohamed 19 na Shamsi Vuai Nahodha 16. Jumla yake ni watu 164, idadi ndogo sana ukiilinganisha na ya Mkutano Mkuu.

Dhana: Mjumbe anayehoji utaratibu amejifuta mwenyewe katika chama.

Adhabu zipo. Machi 2017 Sophia Simba alivuliwa uanachama, Nchimbi akapewa karipio kali na Kimbisa akasamehewa. Mapema mwaka 2025 mwanachama mmoja mkoani Kilimanjaro aliyepinga hadharani uamuzi wa Januari alivuliwa uanachama pia. Lakini Sophia Simba alirejeshwa baadaye, na Nchimbi yuleyule aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa chama Januari 2024 na kupitishwa kuwa mgombea mwenza mwaka uliofuata. Hilo halipunguzi uzito wa adhabu kwa mwanachama asiye na jina kubwa. Linaonyesha tu kwamba hoja ya 2015 haikuwa uasi.

Dhana: Haya ni mambo ya ndani ya chama, na anayeonewa aende mahakamani au agombee mwenyewe.

Hawezi kugombea mwenyewe. Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilikubaliana naye, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni jambo la Bunge, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba zuio hilo linakiuka haki za raia. Zuio limebaki. Ndiyo maana Lowassa, baada ya kukatwa, alilazimika kutafuta chama kingine. Alijiunga na Chadema tarehe 28 Julai 2015 na kupata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima.

Wala kuhamia chama kingine si njia iliyonyooka. Agosti 2025 Luhaga Mpina alitoka CCM, akajiunga na ACT-Wazalendo, na muda mfupi baadaye mkutano wa chama hicho ukampitisha kuwa mgombea urais. Mwanachama mmoja akalalamika kwamba masharti ya kanuni za chama kuhusu muda wa uanachama hayakutimizwa. Msajili wa Vyama vya Siasa akabatilisha uteuzi, Tume ya Uchaguzi ikakataa kupokea fomu, Mahakama Kuu ikaamuru zipokelewe, kisha jina likaondolewa tena kwa pingamizi jipya. Wajumbe walikuwa wamekwisha kupiga kura zao na kurudi makwao, na kifungu kimoja cha kanuni, ambacho huenda wengi wao hawakuwahi kusomewa, kikatosha kuziweka kura hizo kando.