Askari wa Pingili Moja: Yanayosemwa na Yalivyo

Kabati langu la vioo liko sebuleni, mkabala na mlango, kwa hiyo kila anayepiga hodi kwetu Malindi, Unguja, hukutana na jeshi kabla hajakutana na mimi. Ni sanamu za askari mia moja na tisini hivi, za mchezo wa vita wa mezani, nilizozipaka rangi mwenyewe. Kila mmoja urefu wake ni kama pingili moja ya kidole, wamepangwa kama watu walivyojipanga pwani ya Mji Mkongwe asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipolipiga jumba la Sultani wa Zanzibar kwa mizinga. Wageni huuliza, nami hupenda kujibu. Lakini maswali yale yale huja na makosa yale yale, na mengine huumiza kwa sababu yanagusa historia yetu wenyewe.

“Hivi ni vidoli vya watoto”

Sanamu zenyewe kweli zilianza dukani kwa watoto. Mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa wakiuza askari bapa wa bati tangu karne ya 18. Kanuni za mchezo ndizo zilizotoka kwingine kabisa. Mwaka 1824 ofisa kijana wa jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, Georg von Reisswitz, aliiendeleza kazi ya baba yake na kutoa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, na jeshi la nchi yake likautumia kuwafundisha maofisa. Hapakuwa na sanamu hata moja pale. Vikosi vilikuwa vipande vidogo vyenye alama, upande mmoja vyekundu, mwingine vya buluu, na mwamuzi katikati. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akachapisha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni, na njia hizo mbili zikakutana. Huyo Wells hakuwa mtu wa kushabikia vita. Alitaka vita vibaki pale pale sakafuni.

“Ni masanamu, na masanamu hayafai”

Hili huja kwa sauti ya chini, mara nyingi kutoka kwa mtu anayenitakia heri, na silichukulii kwa wepesi. Potofu hapa ni kudai kwamba wanavyuoni wote wana kauli moja. Wapo wanaozuia kila umbo la kiumbe chenye roho. Wapo wanaoruhusu vya kuchezea, na hoja yao ni Hadithi ya Bi Aisha (r.a.), aliyekuwa na wanasesere wake, na katika mapokezi mengine alikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa, na Mtume (s.a.w.) akacheka alipoelezwa habari zake. Mimi si mufti. Mwenye shaka amuulize shehe anayemwamini, na asiyeridhika na sanamu acheze kama wale maofisa wa Prussia, kwa vipande vya mbao vyenye alama tu. Mchezo haupungui kitu. Rafiki yangu mmoja hucheza hivyo, na hunifunga mara nyingi kuliko ninavyomfunga.

“Dadu ni kamari”

Kamari ni kuweka dau. Hapa hakuna anayeweka senti. Dadu inasimama mahali pa yale ambayo jemadari hayawezi: baruti iliyolowa, tarishi aliyepotea njia, mzinga uliokosa shabaha. Asiyependa dadu hukunja vikaratasi vyenye nambari 1 mpaka 6 na kuvichota ndani ya kofia.

“Lazima uwe msanii”

Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii imewakatisha tamaa vijana wengi waliokuwa na mikono mizuri kuliko yangu.

Kupaka rangi askari wa milimita 28 ni kazi ya hatua, na kila hatua ina hila yake inayofundishika jioni moja. Chukua kanzu nyeupe, nguo ambayo sisi tutaipaka kuliko mtu yeyote duniani. Anayeanza huchovya brashi kwenye rangi nyeupe na kuipaka yote mara moja, nzito. Kanzu inatoka kama chokaa ya ukutani: mikunjo imejaa, umbo limepotea. Fanya hivi badala yake. Tia kwanza praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu, iache ikauke. Paka kanzu nzima rangi ya kahawa ya maziwa. Halafu tia rangi ya malai kila mahali isipokuwa ndani ya mikunjo. Nyeupe yenyewe iweke mwisho, kidogo tu, mabegani, juu ya goti lililotangulia, na kwenye ukingo wa mkono wa kanzu. Rangi iwe imezimuliwa kwa maji mpaka itiririke kama maziwa, na upake mara mbili nyembamba, kamwe si mara moja nzito. Ukimsimamisha yule askari mbali na wewe kiasi cha mkono ulionyooshwa, utaona kitambaa kinachopigwa na upepo wa kusi.

Huo umbali wa mkono ni muhimu. Askari wa mezani hapakwi ili atazamwe puani. Vivuli vyake hutiwa kiza zaidi, na mwanga wake hutiwa weupe zaidi kuliko ilivyo kwa binadamu wa kweli, kwa sababu jua halimtii mtu mdogo vivuli kama linavyomtia mkubwa. Ukimtazama kwa karibu anaonekana ametiwa chumvi. Mezani anaonekana hai.

Mkono unaotetemeka nao una dawa. Bana viganja viwili pamoja, viwiko viwe juu ya meza, na pumzi itoke taratibu wakati brashi inagusa. Tazameni akina dada wanaopaka hina na piko siku za harusi: kiwiko kimetulia, kidole kidogo kimeegemea mkono wa bibi harusi, mstari unatoka mwembamba kama uzi. Hao hawaitwi wasanii wa kuzaliwa, wamezoea. Nina hakika mpakaji hina mzuri wa Zanzibar angeshika brashi namba sifuri, ile nyembamba, na kunipita kwa wiki moja.

Na ngozi. Miongozo mingi ya kupaka rangi hutoa mapishi kumi ya uso wa Mzungu na pishi moja la “Mwafrika”. Msiifuate. Kaeni barzani Darajani nusu saa muone ni rangi ngapi zinapita: za kahawia nyekundu, za asali, nyeusi ya kuelekea buluu, za Waarabu waliochomwa na jua la baharini, za Wangazija, za Mabulushi. Msitie kivuli cha uso kwa rangi nyeusi tupu, maana uso unakufa, unakuwa wa majivu. Tumieni kahawia iliyoiva, mchanganye na tone la nyekundu.

“Milimita 28 ni milimita 28”

Si kweli. Namba hiyo si uwiano wa vipimo kama ile ya 1/72, ambayo sanamu huwa sehemu moja ya 72 ya urefu wa mtu wa kweli. Watengenezaji wengi hupima kutoka unyayo mpaka jicho, wengine mpaka utosini, na wengine hunenepesha mikono na vichwa. Ndiyo maana askari wa makampuni mawili wakisimama pamoja mmoja huwa kama mjomba wa mwenzake. Kwa uwiano wa 1/72, mtu wa sentimita 172 anakuwa na milimita 24 hivi, na hapo hesabu inaaminika. Kabla hujanunua jeshi, nunua mmoja kwanza.

“Ni mchezo wa matajiri”

Inategemea unaanzia wapi. Askari wa metali wa milimita 28, mmoja mmoja, hula fedha. Wa plastiki wa 1/72 huja kadhaa ndani ya sanduku moja. Wapo wa milimita 6, ambao kikosi kizima kinakaa juu ya kipande kidogo kuliko kiberiti. Wapo wa karatasi, wa kuchapa na kukata. Mimi huwaagizia jamaa wanaosafiri, na husubiri.

Mandhari ndiyo tuliyojaaliwa bure. Nyuzi za makumbi ya nazi ni majani marefu tayari, kata tu usimamishe kwenye gundi. Katani vilevile. Kibanda cha makuti kitengeneze kwa makuti. Ila mchanga wa pwani uoshe mara tatu kwa maji baridi ya bomba kabla hujaugandisha miguuni mwa askari, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu, na baada ya miezi rangi huanza kuchanua unga mweupe na kubanduka.

“Ukishapaka rangi, kazi imekwisha”

Kwa hewa ya kisiwani, hapo ndipo ulinzi unapoanza. Vanishi ya kupuliza haipatani na unyevu. Mwezi wa Aprili mmoja, katikati ya masika, nilitoka uani na askari kumi na wawili niliowafanyia kazi wiki tatu, nikawapulizia vanishi isiyong'aa, na mbele ya macho yangu wakafunikwa na ukungu mweupe kama waliomwagiwa unga. Niliwapaka vanishi ya kung'aa kwa brashi, ukungu ukapungua kwa wengi wao, watatu nikawarudia upya. Sasa kazi ya kupuliza naifanya siku kavu za kaskazi, asubuhi jua likishapanda, au siipulizi kabisa. Napaka kwa brashi.

Askari wa kale wa metali wana jambo jingine. Wengi walitengenezwa kwa mchanganyiko wa madini ya risasi na bati. Si kweli kwamba ukimgusa unadhurika, na si kweli kwamba hana dhara. Osha mikono kila baada ya kumshika, usile huku unafanya kazi, usimpige tupa akiwa mkavu ukavuta vumbi lake, na usimpe mtoto anayeweka kila kitu mdomoni. Usimfungie pia ndani ya kabati la mbao mbichi lisilopitisha hewa. Mbao nyingine hutoa mvuke wa asidi, na risasi huliwa taratibu mpaka ikawa unga wa kijivu. Mgonjwa huyo haponi.

“Ni vita vya Wazungu”

Sasa turudi kabatini. Huwa nawaomba wageni wanihesabie Wazungu walioko kwenye mchanga. Wanatafuta, wanainama, wanahesabu saba, au wanane wakimhesabu mmoja mara mbili.

Hesabu yangu ni hii. Sanamu moja inasimama badala ya watu ishirini. Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, alikusanya watu wapatao 2,800 kwenye majumba ya pwani. Kwangu ni 140. Askari waliopata mafunzo kati yao walikuwa kama 700 tu, kwangu 35. Waliobaki wengi walikuwa raia: watumishi, watumwa wa jumba, watu wa mjini. Ndiyo maana kwenye jeshi langu hakuna sare inayofanana safu nzima. Vilemba vinatofautiana, mmoja kavaa shuka tu. Upande wa pili, kikosi kilichosimama nchi kavu kwa ajili ya Waingereza kilikuwa na mabaharia na wanamaji wao kama 150, na askari wa Kizanzibari 900 chini ya Mwingereza Lloyd Mathews. Kwangu ni saba na arubaini na tano. Waliokuwa wakitazamana kwa bunduki siku ile wengi wao walikuwa Wazanzibari.

Nilijua tarakimu hizo tangu skuli. Sikuzielewa mpaka nilipokaa na kupaka nyuso arubaini na tano za askari wa Mathews, kisha nikaanza zile 140, na katikati nikagundua kwamba nachovya brashi kwenye rangi zile zile.

“Vita vya dakika 38, utacheza nini?”

Wengi wanaijua vita hii kwa rekodi yake tu, vita fupi kuliko zote, na huisema kwa kicheko. Wanaokadiria muda husema kati ya dakika 38 na 45. Katika muda huo watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Sultani, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid akaingia jumbani siku ile ile, na Waingereza wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera. Manowari tano zilikuwa bandarini chini ya Admeri Harry Rawson. Saa tatu na dakika mbili Racoon, Thrush na Sparrow zikafyatua. Upande wa jumba kulikuwa na bunduki za rashasha za Maxim, na mizinga miwili iliyotoka kwa mfalme wa Ujerumani. Mmoja uliangushwa na risasi za mwanzo za Thrush. Na bado mizinga ya Sultani ilijibu. Glasgow, meli ya kifahari ya Sultani, iliifyatulia mizinga St George, manowari ya Waingereza iliyoizidi kwa kila kitu.

Kwa hiyo mezani hatuchezi ili kuona nani atashinda, hilo linajulikana. Anayemchezea Khalid hupata alama kwa kila dakika ambayo bendera nyekundu ya Sultani iko juu, na kwa watu anaowatoa Beit al-Hukm, moja ya majumba yale ya pwani, kabla halijaporomoka. Hupata alama nyingi zaidi akimfikisha Khalid kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani, kama alivyofika kweli. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, boti ya Wajerumani ilimchukua pale pale kwenye geti la pwani, akaenda Dar es Salaam.

Bendera hiyo nimeipaka mara tatu. Nyekundu juu ya praima nyeusi hufifia ikawa kama kutu. Nilianza upya na waridi chini yake, na sasa inawaka.

Glasgow ilizama asubuhi ile ile, na milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji ya bandari mpaka mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Nimeichonga milingoti hiyo mara mbili. Moja iko juu ya meli. Nyingine imesimama peke yake kwenye kipande cha bahari, na mchezo ukiisha ndiyo tunayoiweka mezani mahali pa meli, kabla hatujaanza kuwarudisha askari kabatini.